Kivuko cha Jan van Goyen: fumbo au chombo tu?

Katika michoro ya Jan van Goyen, msanii wa Kiholanzi mzaliwa wa Leiden aliyeishi kati ya 1596 na 1656, kivuko hujirudia mara nyingi: chombo bapa kilichosheheni abiria na ng'ombe, kikivuka mto uliotulia. Wafasiri huharakisha kusema kwamba hiyo ni safari ya roho na kwamba ng'ambo ni ahera. Mimi husita.

Si kwamba Waholanzi wa zama zile hawakuzoea mafumbo. Vitabu vya picha zenye mafumbo vilisomwa majumbani, na mwaka 1625 mshairi na mchapishaji Zacharias Heyns alichapisha picha ya kinu cha upepo, akikifananisha na mwanadamu asiyeweza lolote bila pumzi ya Roho. Lakini picha ya Heyns iliandamana na maandishi ya kuifafanua, ilhali Van Goyen kwa kawaida aliandika herufi VG na mwaka, basi. Yaliyobaki aliyaachia chaki nyeusi na rangi ya kijivu iliyozimuliwa kwa maji.

Kwa maoni yangu, ushahidi mzito zaidi umo katika mpangilio wa karatasi yenyewe. Upeo wa macho ameushusha chini mno hata anga ikatwaa zaidi ya nusu ya mchoro. Wavuvi wanaovuta nyavu au kutega madema ni mistari michache iliyopinda, bila sura. Na kinachosimama juu ya upeo huo ni mlingoti, kinu au mnara wa kanisa. Mnara huo ulimwonyesha nahodha njia, ukamkumbusha muumini ibada, na sioni kwa nini tulazimike kuchagua maana moja. Tena Van Goyen alihamisha majengo apendavyo: lango la Pellekussenpoort la Utrecht alilichora mara kadhaa, kila mara likiwa na majirani wapya. Anayefanya hivyo hanakili tu alichokiona, ingawa huenda alichagua kwa kuwatazama wanunuzi, kwani alichora kwa ajili ya soko na madeni yalimwandama hadi kufa.

Nikilazimishwa kutafuta fumbo la kivuko, basi nitalitafuta ndani yake, si ng'ambo: mwenye mali, mchunga ng'ombe na ng'ombe wenyewe wamebanana, na wote wanamtegemea mtu mmoja mwenye pondo, ambaye Van Goyen amemchora kwa mistari mitatu au minne tu.