"Fundi, jaza mpaka iwe jiwe" na uongo mwingine wa wapanda milima kwa baiskeli

Jamani wadau wa baiskeli wa Dodoma, hili la upepo wa tairi naliongea leo mara moja, atakayekuja tena kibandani na "fundi jaza mpaka iwe jiwe" nampa pampu ajaze mwenyewe. Kiangazi hiki watu wanajiandaa kwenda Hifadhi ya Kilimanjaro, kupandisha na baiskeli njia ya Kilema, na baiskeli zenyewe ni hizi za grevo, hendo imepinda kama za mbio ila tairi pana. Sasa kila anayeleta ya kwake kukaguliwa anaanza na kitu kilekile, anaminya tairi kwa kidole gumba, anakunja uso, halafu eti "mbona laini?"

Laini kwa nani? Kidole gumba sio kipimo kaka. Tairi la upana wa milimita 40 liwe na psi 35 (psi ndo kipimo cha mgandamizo wa upepo) liwe na 50, kidole kinaona yote magumu tu, na tairi lenye ubavu mnene ndo linakudanganya kabisa. Nunua geji, kile kifaa cha kupimia upepo. Watu wananunua miwani ya jua, jezi, glavu, saa ya kupima mapigo ya moyo, geji hawana.

Wanachoamini ni kwamba tairi gumu ndo linakimbia. Kwenye lami nzuri kuna ukweli kidogo, tairi lisilobonyea halili nguvu nyingi. Tatizo hiyo ya lami wameibeba nzimanzima wakaipeleka kwenye changarawe. Kwenye changarawe tairi gumu likikuta jiwe halibonyei, kwa hiyo kinachonyanyuka ni baiskeli nzima na wewe juu yake, unarushwa, unatua, unarushwa tena, mamia ya mara kila kilometa, na nguvu ya kukurusha hivo haitoki mbinguni, inatoka mapajani kwako. Inaishia kutikisa misuli na mgongo na viganja, mbele hujaenda. Tairi lenye upepo wa kiasi linalimeza jiwe palepale, linabonyea, linarudi, wewe unaendelea na safari. Na kwenye kupanda ndo usiseme, tairi gumu linagusa chini padogo, ukikanyaga pedeli kwa nguvu kwenye kokoto za kuteleza gurudumu la nyuma linazunguka bure na unaishia kusukuma.

Anayebisha huwa nampa kazi. Nenda njia yoyote ya vumbi kuelekea Hombolo, tafuta mtelemko mdogo wenye yale mawimbi kama bati, weka alama, shuka na psi 60 bila kukanyaga pedeli, uone baiskeli inasimama wapi. Rudi juu, toa upepo ubaki 35, shuka tena kutoka alama ileile. Halafu njoo tuongee.

"Lakini fundi hapa ubavuni wameandika 75." Ndio, na hiyo 75 ni mwisho, usivuke hapo, hawajakwambia ujaze mpaka hapo! Kiasi chenyewe kinategemea uzito wako na upana wa tairi. Mtu wa kilo 70 hadi 75, tairi la 40 lenye tyubu, mimi namuwekea nyuma 38 mbele 34, kwa sababu uzito mwingi umekaa nyuma. Kama ni tairi lisilo na tyubu natoa nne au tano kila upande. Ukifunga mizigo nyuma, ongeza nyuma.

Wengine wanajitetea na miiba, eti Dodoma hii ya migunga lazima tairi gumu. Mwiba wa mgunga urefu wa kidole hauulizi psi. Tena tairi gumu halimpishi mtu, linajikandamiza juu ya mwiba lenyewe. Dawa ya miiba ni tairi lisilo na tyubu lenye ile dawa ya maji ya kuziba ndani, au angalau tairi lenye kinga chini ya kashata, yale meno ya juu ya tairi. Upepo mdogo kupita kiasi nao una pancha yake, nakubali, ila ukiifungua tyubu inajieleza yenyewe, tobo moja ni mwiba, matobo mawili yamekaa sambamba ni rimu imeibana tyubu kwenye jiwe, hapo ndo ongeza psi tatu nne. Watu wanaziba kiraka wanatupia tyubu ndani bila hata kuangalia matobo yamekaaje, halafu wanalaumu solisheni.

Na kuna hii mpya, "kule juu hewa nyepesi, upepo utapungua, nizidishe kabisa." Ni kinyume. Hewa ya nje ikipungua mgandamizo, tairi linakuwa gumu zaidi, kutoka Moshi mpaka kibanda cha Kibo karibu mita 4,700 ni kama psi 5 za nyongeza, ila baridi ya kule nayo inapunguza upepo kiasi kinachokaribiana na hicho, kwa hiyo pima Moshi, pima tena asubuhi kukiwa na baridi, basi.

Haya ya breki. Eti ya mbele itakupindua, kwa hiyo mtu anashuka mlima mzima kwa breki ya nyuma peke yake, gurudumu linaburuza, diski inawaka moto. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, mshiko uko mbele. Tumia zote mbili, bana na uachie, punguza mwendo kabla ya kona sio ndani ya kona, mwili urudi nyuma kidogo.

Wa pumzi sasa. "Mimi nazunguka chuo kikuu pale UDOM kila Jumamosi, na Dodoma kwenyewe tuko juu." Dodoma ni mita 1,100 na kidogo, kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro ni 3,720, usijifariji. Mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, tena mwenye miguu mizuri ndo anapanda haraka kuliko mwili unavyozoea. Kichwa kikiuma na kichefuchefu, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba, au pumzi inakata hata ukiwa umekaa, unashuka saa hiyohiyo, usisubiri kukuche.

Na baiskeli kutokuwa na injini sio kibali cha kupita popote. Kilimanjaro unaingia kwa kibali na mwongozaji mwenye leseni, na njia ya baiskeli ni Kilema, sio Marangu wala Machame. Wanaoniuliza hifadhi ya Milima ya Udzungwa kwa vile kwetu ni karibu, mle ndani hakuna barabara, ni kutembea kwa miguu, maporomoko ya Sanje ukayaone ukiwa na buti.

La mwisho ni cheni. Oili chafu ya bodaboda sio ya cheni, inashika vumbi la huku inakuwa msasa, meno ya sproketi yanaisha mapema. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, weka tone moja kwenye kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedeli kinyumenyume, acha dakika kadhaa, futa tena mpaka nje pabaki pakavu. Anayeniletea cheni imetapakaa ile nyeusi, kuisafisha ni bei tofauti na sipunguzi.