Kujiuzulu kabla ya kuwania kiti Kenya: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

Uchaguzi ukikaribia Kenya, walimu, wauguzi, machifu na wafanyakazi wa kaunti huanza kuulizana nani anatakiwa kuacha kazi, na lini. Majibu wanayopeana mara nyingi ni ya uchaguzi uliopita, au yametoka nchi jirani. Sheria yenyewe ni fupi, kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011, lakini anayekisoma vibaya anaweza kupoteza ajira na kiti kwa mpigo.

Dhana: Mwenye cheo chochote akitaka kingine, lazima ajiuzulu.

Sivyo. Kifungu cha 43(5) kinamtaka afisa wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Kisha 43(6) kinawaachilia rais, naibu rais, wabunge (maseneta na wawakilishi wa kike wakiwemo), magavana, manaibu wao na wawakilishi wadi (wajumbe wa bunge la kaunti). Ndiyo maana mwaka 2022 William Ruto aliwania urais akiwa naibu rais, Johnson Sakaja akawania ugavana wa Nairobi akiwa seneta, na Gladys Wanga akautaka wa Homa Bay akiwa mwakilishi wa kike. Mawaziri hawamo kwenye orodha hiyo. Charles Keter na John Munyes iliwabidi waache uwaziri Februari 2022 ili wawanie ugavana, mmoja Kericho, mwingine Turkana.

Kwa jumla, aliyechaguliwa na wananchi habanwi. Aliyeteuliwa au kuajiriwa anabanwa. Watu hukosea zaidi katika kaunti. Gavana anabaki ofisini, lakini waziri wake wa kaunti, katibu wa kaunti, afisa mkuu wa idara na dereva wa ambulensi wote lazima waondoke. Hapa sheria inachechemea. Ikiwa shabaha ni kuzuia mali ya umma isitumike kwenye kampeni, inakuwaje gavana anayetetea kiti aendelee kusimamia bajeti ya kaunti nzima hadi siku ya kura, ilhali muuguzi wa zahanati ameshakaa miezi sita bila mshahara? Bunge lililopitisha msamaha huo lilijisamehe lenyewe pia, na Wakenya wana haki ya kudai lieleze kwa nini.

Mwakilishi wadi anayetaka ubunge awe mwangalifu zaidi. Sheria ya Uchaguzi inamwachilia, lakini Ibara ya 99(2)(a) ya Katiba, inayowazuia maafisa wa serikali na wa umma kuchaguliwa bungeni, inamtaja mbunge peke yake kuwa ndiye asiyeguswa. Mvutano huo umewahi kufika mahakamani, kwa hiyo amwone wakili mapema, kabla ya kuchapisha mabango.

Dhana: Miezi sita huhesabiwa kuanzia mchujo wa chama.

Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya uchaguzi. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2022 kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, na mwisho wa kujiuzulu ulikuwa 9 Februari. Jumanne ya pili ya Agosti 2027 ni tarehe 10, na kwa hesabu hiyo hiyo mwisho ni Jumatano, 10 Februari 2027. Michujo ya 2022 ilifanyika Aprili. Anayengoja kwanza aone kama chama kitampa tiketi atakuwa amechelewa kwa miezi miwili.

Wanaofuatilia siasa za Uganda huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa Katiba ya huko inamtaka mtumishi wa umma anayewania ubunge ajiuzulu siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Hesabu hizo mbili hazianzii mahali pamoja.

Dhana: Likizo bila malipo inatosha.

Haitoshi. Aliye likizoni bado ni mwajiriwa, na Katiba inaangalia kama mtu ni afisa wa umma, hata kama mwezi huo hakulipwa. Kuazimwa kwa idara nyingine hakubadilishi kitu.

Dhana: Mimi ni mdogo sana, sheria hii hainihusu.

Ibara ya 260 haiulizi daraja la kazi. Inauliza kama ofisi iko katika serikali kuu, serikali ya kaunti au utumishi wa umma, na kama malipo yake yanatoka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali au kwenye fedha zilizotolewa na Bunge. Mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu, yumo. Chifu yumo. Wafanyakazi wa mashirika ya serikali yanayojitafutia mapato hubishana kuhusu sehemu hiyo ya malipo, na ubishi wa namna hiyo haufai kuanzishwa karatasi zikiwa tayari mezani kwa IEBC, tume ya uchaguzi.

Dhana: Mahakama ilishaifuta sheria hii.

Mwaka 2017 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Februari 2022 Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Waliokuwa wakitegemea hukumu ya kwanza walijikuta ukingoni mwa tarehe ya mwisho.

Dhana: Nikishindwa nitarudi kazini.

Kujiuzulu hakuna kifungu cha kurudi. Keter aliacha uwaziri Februari na mwezi Aprili akashindwa na Erick Mutai katika mchujo wa chama cha UDA. Jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Mwalimu aliye katika hali hiyo huomba kazi upya kama waombaji wengine. Piga hesabu ya karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara kabla ya kutia saini.

Dhana: Uchaguzi mdogo nao unahitaji miezi sita.

Haiwezekani, kwa sababu uchaguzi mdogo wa ubunge hufanyika ndani ya siku 90 baada ya kiti kubaki wazi. Kwa hiyo 43(5A) kinampa afisa wa umma siku saba tangu kiti kitangazwe kuwa wazi.

Dhana: Barua ikishaandikwa, kazi imeisha.

Barua ipelekwe kwa mamlaka iliyokuajiri, si kwa mkuu wa kituo peke yake: mwalimu kwa TSC, mtumishi wa kaunti kwa kaunti yake. Itaje tarehe ambayo kujiuzulu kunaanza, na tarehe hiyo iwe kabla ya mwisho. Kosa la kawaida ni kuandika Februari huku barua ikisema utaondoka mwishoni mwa Machi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Fuatilia jibu kwa maandishi, kabidhi gari, funguo na vifaa kwa orodha iliyotiwa saini, na hakikisha mshahara umesimama. Mshahara ukiendelea kuingia benki, ijulishe ofisi kwa barua siku hiyo hiyo, kwani hati ya mshahara ya Machi ndiyo karatasi ya kwanza mpinzani atakayoitafuta.