Je, megapikseli nyingi ndizo picha nzuri?

Ukiingia kwenye duka la simu pale Kadutu, Bukavu, swali la kwanza huwa: "Kamera yake ni megapikseli ngapi?" Wengi wanaamini kwamba namba ikiwa kubwa, sura itatoka safi zaidi.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Inaeleza wingi wa nukta, si uzuri wa picha. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji takriban megapikseli 2 tu. Ile ya pasipoti haifiki hata nusu ya moja. Kinachobadilisha uso unavyoonekana pichani ni mwanga, ukubwa wa kihisi kinachoupokea, na lenzi (mara nyingi imejaa alama za vidole, tuseme ukweli). Ndiyo maana umeme ukikatika, hata simu ya namba kubwa huweza kutoa picha yenye chengachenga.

Jaribu mwenyewe. Mpige mama picha mbili: moja usiku chini ya taa ya sebuleni, nyingine mlangoni asubuhi, jua lisimpige usoni. Zikuze hadi uone nyusi. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, maana njia ya kawaida huzibana.