Fisi, bucha na samaki wa mita elfu moja

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi data za sauti kutoka kwenye meli za trola, zile zinazokokota wavu, zinavyotumika kukadiria wingi wa samaki wa kina kirefu, na kabla sijakaa, ndugu mmoja akanyanyua mkono: "Kwa hiyo mnawauliza wavuvi wenyewe wamebakiza samaki wangapi? Si ndiko kumkabidhi fisi bucha huko?" Ukumbi ukacheka. Nilimjibu kwa kifupi na kwa hasira, jibu ambalo halikumtosheleza yeye wala mimi. Jibu refu ni hili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Tanzania tukisema "uvuvi wa bahari kuu" tunamaanisha uvuvi wa nje ya maji ya kitaifa: jodari, nduaro, papa, wale wanaosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu kule Zanzibar. Wengi wao huvuliwa kwenye tabaka la juu, hata kama chini yao kuna kilomita tatu za maji. Mimi naongelea sakafu na milima ya chini ya bahari, mita 500 hadi 1,500, giza tupu na baridi. Samaki niliyemfanyia kazi muda mrefu zaidi ni orenji rafi, Hoplostethus atlanticus, mwekundu, mwenye kichwa kikubwa cha mifupa. Kazini tunamwita rafi.

Rafi anaishi zaidi ya miaka 100. Anaanza kuzaa akiwa na miaka 30 hivi. Wa Tanga watanielewa upesi: ni maisha ya mwendo wa silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa na majarife, nyavu za papa, huku kwetu mwaka 2003, ambaye watafiti mwaka 2021 walikadiria kuwa anafikisha karibu karne. Tofauti ni kwamba silikanti haliki vizuri, na rafi nyama yake ni nyeupe, haina shombo, na Marekani waliipenda sana. Isitoshe, rafi hukusanyika kwa maelfu juu ya mlima mmoja wakati wa kutaga. Meli ikishaujua mlima, wavu unajaa kwa dakika chache.

Sasa tuje kwa fisi. Mfano huu unadhani kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa bucha. Nani? Ile milima iko siku nyingi za safari kutoka bandari yoyote. Meli ya utafiti ni ghali kuiendesha, ikifika inakaa wiki mbili tatu na kurudi. Meli za uvuvi ziko pale mwaka hadi mwaka, zina sonari nzuri, zina manahodha wanaoujua kila ukingo. Ukiwafungia nje ya usimamizi, unabaki na ofisi yenye mamlaka kamili na taarifa sifuri. Kina kirefu kilishawahi kusimamiwa hivyo, kwa kubahatisha.

Angalieni New Zealand. Uvuvi wa rafi kwenye mwinuko wa Chatham Rise ulianza mwaka 1979. Miaka ile wataalamu walidhani samaki huyu anakua haraka kama samaki wengine, na viwango vya kuvua vikapangwa kwa dhana hiyo. Mwaka 1986 nchi ikaanzisha mfumo wa mgao, kila kampuni ikapewa tani zake kama mali. Baadaye mawe ya sikio, yale tunayohesabu mizunguko yake kama ya mti, pamoja na vipimo vya mionzi vya mwaka 1991, vikaonyesha kwamba samaki aliyekuwa sahanini ni mkubwa kuliko bibi wa mlaji. Tani zilizogawiwa zilikuwa nyingi mno. Lakini tani zilikuwa mali, na serikali ikitaka kuzipunguza ilibidi izinunue. Mwaka 1990 ikageuza mgao kutoka tani kuwa asilimia ya kiwango cha mwaka, na tangu hapo kiwango kikishuka, kila kampuni inashuka nacho.

Mabadiliko haya madogo ya kiuhasibu nayathamini kuliko semina zote za "ushirikishwaji wa wadau" nilizohudhuria. Kampuni yenye asilimia yake kwa muda mrefu inaumia samaki wakipungua. Kampuni yenye leseni ya mwaka mmoja haiumii, inahamia mlima mwingine. Kwa hiyo ukiniuliza kama ninawaamini wavuvi wa kina kirefu, nitakuuliza kwanza haki yao ya kuvua ni ya namna gani.

Na hapa ndipo ninapokasirika na upande wa pili pia. Wapo wanaosema, "Tuwashirikishe, nahodha anaijua bahari kuliko mtafiti." Ndiyo, anaijua. Lakini anachokijua kina mtego ambao yeye mwenyewe haoni, na bila kuuelewa ushirikishwaji wote unaharibika.

Nilipokuwa mwangalizi melini, nahodha aliniita darajani usiku, akanionyesha kioo cha sonari. Juu ya mlima palikuwa na wingu zito. "Umejaa, kama mwaka jana," aliniambia, na hakunidanganya. Wavu ulipanda umejaa, kama mwaka jana. Wapimaji wengi wa uvuvi hutegemea hesabu hii: samaki wangapi kwa saa moja ya kukokota. Kwa samaki waliotawanyika hesabu hiyo ina maana. Kwa rafi haina, kwa sababu wanaobaki hukusanyika palepale. Chota maji mtungini kwa kata: kata inajaa, inajaa tena, inajaa tena, mpaka siku inapokwaruza chini. Wavu unaojaa haukuonyeshi kina cha mtungi. Nahodha mkweli mwenye miaka 20 ya uzoefu ataapa kuwa samaki wako vilevile, na kila alichokiona ni kweli.

Mzee mmoja wa Kigombe, mvuvi wa jarife, aliwahi kunieleza jambo hili kwa pumzi moja. Nilimuuliza kama papa wamepungua. "Mwanangu, jarife halisemi uongo," akasema, "ila husema la pale lilipotegwa tu."

Kwa hiyo unamuuliza nahodha nini? Usimuulize kama samaki ni wengi. Muulize wako wapi, walifika lini, wanasimama upande gani wa mlima, wanashuka saa ngapi. Kisha mwombe akubebee vyombo. Rafi hana kibofu cha hewa kama samaki wengi. Chake kimejaa mafuta mazito, hivyo mwangwi wake ni dhaifu. Visamaki vidogo vyenye hewa kibofuni, ambavyo hujaa kina hicho, hurudisha mwangwi mkubwa. Ukipima kutoka juu kwa masafa mamoja, wingu la vidogo visivyo na thamani unaweza kulihesabu kuwa rafi na kuidhinisha maelfu ya tani ambazo hazipo. Suluhisho lilikuwa kufunga vipima sauti vya masafa mawili, kilohezi 38 na 120, pamoja na kamera, juu ya wavu wenyewe, vishuke mpaka karibu na samaki. Wenye hewa hung'aa zaidi kwenye 38, rafi kwenye 120, na kamera inathibitisha. Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, ndio waliotengeneza chombo hicho, kampuni za uvuvi zikatoa meli, wavu, mafuta na muda wa mabaharia.

Tafiti za namna hiyo ndizo zilizohusika New Zealand ilipofungua tena eneo la Challenger mwaka 2010, baada ya kulifunga mwaka 2000. Miaka kumi ya kufungwa, na walioligharamia swali la "wamerudi?" ni walewale waliowamaliza. Fisi alilipia mizani, mizani ikasomwa na mtu mwingine.

Hapa kuna kazi tatu, na kila moja ina mahali pake. Kukusanya taarifa ni kazi ambayo wavuvi waipate nyingi iwezekanavyo. Kutunga kanuni za kila siku, kama namna ya kutega au kuhama mahali wavu ukipanda na matumbawe, wakae mezani. Kupanga kiwango cha kuvua, hapana. Hapo wasikilizwe, watoke nje, wengine waamue. Nimeona vikao vinavyochanganya haya matatu, na humo ndimo maneno ya fisi na bucha yanapopata nguvu.

Karibu nasi zaidi kuna mfano mwingine. Kusini mwa Madagascar, kwenye mgongo wa bahari wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, meli zilivamia kutafuta rafi kuelekea mwaka 2000. Hapakuwa na chombo cha kuwadhibiti, bahari huru. Zikaja makumi, zikavua, nyingi zikaondoka. Mwaka 2006 kampuni nne zilizobaki, za Australia, Mauritius, New Zealand na Namibia, zikaunda umoja wao, SIODFA, zikatangaza kuyafunga kwa hiari maeneo 11, jumla karibu kilomita za mraba 309,000, zisiburute wavu humo. Mwezi huohuo, Julai 2006, nchi zikatia saini mkataba wa SIOFA, wa kusimamia uvuvi kusini mwa Bahari ya Hindi, mjini Roma, Kenya ilikuwamo. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2012. Miaka sita! Katika miaka hiyo, milima ile ilitegemea zaidi ahadi ya kampuni nne. Hatimaye mwaka 2018 SIOFA ikayachukua baadhi ya hayo, Walters Shoal na Atlantis Bank yakiwamo, ikapiga marufuku kukokota wavu wa chini.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapamba. Ahadi ya hiari humfunga aliyeiahidi tu. Meli isiyo mwanachama ingeweza kushusha wavu popote. Tena ni rahisi kufunga mahali usipovua. New Zealand yenyewe, mwaka 2007, ilitenga maeneo 17 ya kulinda sakafu ya bahari kwa pendekezo la kampuni, karibu theluthi ya ukanda wake wa kiuchumi. Ni eneo kubwa ajabu kwenye ramani. Mwaka uliofuata watafiti wakalilinganisha na makazi halisi ya samaki wa chini, wakaona kinga yake kwao ni ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye kina ambacho wavu haufiki. Mimi bado nasema heri kuliko kuacha wazi, maana teknolojia ya kesho inaweza kufika huko. Lakini kilomita za mraba zisipokelewe kama kafara bila kuuliza ni tani ngapi walizoziacha.

Na kuna nyakati fisi huuma kweli. Mwaka 2008, kampuni ya uvuvi ilimpeleka waziri wa New Zealand mahakamani kwa kupunguza kiwango cha rafi, ikashinda, kwa hoja kwamba sheria ilimtaka kwanza awe na makadirio ambayo kwa samaki huyu hayakuwapo. Yaani uhaba wa taarifa uligeuzwa kuwa sababu ya kuendelea kuvua. Bunge likabadilisha sheria mwaka huohuo. Nchi inayotaka kushirikisha kampuni iandike mapema kwamba taarifa zikikosekana, kiwango kinashuka.

Kuna shaka moja ambayo katika vikao rasmi huwa tunaipitia harakaharaka. Rafi anayeanza kutaga leo alizaliwa miaka 30 au zaidi iliyopita. Waliokuwa wakiingia kwenye makundi ya kutaga mwaka 2010, tulipokuwa tukishangilia kwamba wamerudi, walizaliwa kabla ya uvuvi au mwanzoni mwake, wazazi wao wakiwa bado wengi. Watoto wa miaka ile mibaya, ya wazazi wachache, ndio kwanza wanafika milimani sasa. Je, ni wachache? Mifano yetu ya hesabu hudhani idadi ya kawaida, kwa sababu ni lazima idhani kitu. Nimeweka namba hiyo mwenyewe kwenye kompyuta mara nyingi, na kila mara nikiiweka tumbo hunikaza. Nikiwa mezani na watu wa kampuni huwaambia wazi, na wale wazuri miongoni mwao hunyamaza, kisha huuliza tufanye nini ili tuone mapema. Hao ndio ninaotaka wabaki mezani.

Ndugu uliyeuliza, huku kwetu hakuna uvuvi mkubwa wa sakafu ya kina kirefu bado, kwa hiyo tuna nafasi ambayo Chatham Rise haikuwa nayo. Siku tutakapompa mtu leseni ya kushusha wavu kwenye kina kinachozidi mita 500, nataka masharti haya: mwangalizi kwenye kila safari, sonari iliyopimwa usahihi wake na kurekodi muda wote, mawe ya sikio kwenye bahasha kutoka kila wavu, na rekodi zote ziwe mali ya nchi tangu siku ya kwanza. Yaandikwe kabla wavu wa kwanza haujashuka. Wingi wa samaki kabla ya kuvuliwa hupimika safari zile za mwanzo tu, na hesabu zote zitakazofuata zitaulinganisha mlima na namba hiyo.