Maji ya mvua ni safi, bati je?

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba maji ya mvua hayana haja ya kuchemshwa, kwani yametoka juu moja kwa moja. Kuna ukweli ndani yake: tone likiwa bado angani huwa na uchafu kidogo, wala halina chumvi kama maji ya visima vingi vya Pwani. Ndiyo maana sabuni hutoa povu upesi.

Tatizo linaanzia kwenye bati. Kiangazi kizima kunguru, popo na mijusi wamepita huko juu, vumbi limetanda, majani ya mwembe yameozea kwenye mfereji wa paa. Mvua ya kwanza husomba yote hayo hadi ndani ya simtanki. Kinga kikombe dakika za mwanzo uone: rangi ya chai. Kinyesi cha ndege kinaweza kubeba vijidudu kama salmonela, na uchafu ukituama maji yakang'aa, vijidudu havijafa.

Kwa hiyo ya mwanzo yamwagike. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa paa la mita 50 za mraba, ukimwaga milimita ya kwanza unapoteza ndoo mbili na nusu za lita 20, basi. Mvua ya milimita 30 bado itakuachia zaidi ya lita 1,000.

Tangi lifunikwe, matundu yawekewe wavu. Mbu wa dengi hupenda sana maji yaliyotulia. Ya kufulia na kuogea yatumie yalivyo. Ya kunywa, chemsha mpaka yatokote.