Gazeti likimuunga mkono mgombea, si lazima limenunuliwa

Hapa Lubumbashi, tangu zamani, ukisema gazeti limemuunga mkono mgombea urais, mtu atauliza palepale: "Amelipa ngapi?" Swali hilo lina sababu, bahasha za pesa wanazopewa waandishi tunazijua. Ila kwa magazeti ya Marekani mambo ni mengine. Tamko la kumuunga mkono mgombea huandikwa na bodi ya wahariri wa maoni, si waandishi wa habari, na hutolewa wazi kwa jina la gazeti. Wala halileti ushindi: mwaka 2016 magazeti makubwa karibu yote yalimtaka Hillary Clinton, akashinda Donald Trump. Mwaka 2024 Washington Post lilipoacha kumtaja yeyote, wasomaji zaidi ya 200,000 walikatisha usajili wao. Hao walikasirishwa na ukimya.