Boila haiendi popote penye nafasi: tunayokosea Goma

“Fundi, iweke pale juu ya mlango wa choo, ndipo pana nafasi.” Nimeambiwa hivyo katika mtaa wa Himbi, nimeambiwa Katindo na Ndosho. Mtu amechoka kubandika sufuria kwenye mbabula, jiko la makaa, kila alfajiri, amebana pesa miezi kadhaa, amenunua boila, pipa la kupasha maji kwa umeme. Bei ameigombania siku tatu. Mahali pa kuiweka, dakika moja tu.

Dhana ya kwanza: ukuta ni ukuta. Boila ya lita 80 ikijaa ina kilo 80 za maji peke yake. Ongeza pipa lenyewe, unazidi kilo 100 zinazoning'inia usiku na mchana. Goma tuna nyumba nyingi za mbao, hasa zilizosimamishwa juu ya lava baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002, na ubao haubebi mzigo huo. Hata tofali la saruji lenye matundu ndani linadanganya: msumari unaingia vizuri, halafu unalegea polepole. Waliokuwa hapa Mei 2021 wanakumbuka ile mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo na jinsi ilivyopasua kuta. Nyumba ya mbao inataka boila inayosimama chini kwenye miguu ya chuma, au ndogo ya lita 15. Ukuta wa tofali unataka bolti zinazotokea upande wa pili, zikiwa na kipande cha bati nene nyuma.

Dhana inayoniogopesha kuliko zote ni ya gesi: “Bafu lina dirisha dogo, hewa inapita.” Makala, yaani makaa ya kupikia, yamekuwa ghali na gesi imeingia jikoni kwetu, sasa inafuata ile mashine ndogo ya ukutani inayopasha maji papo hapo. Moto wake ukikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Haipandi juu wala haishuki chini, inachanganyika na hewa ya chumba kizima. Na lile dirisha? Saa kumi na moja asubuhi, kwa baridi yetu ya mita 1,500 juu ya bahari, nani analifungua? Anayeoga anasikia kichwa kinauma na magoti yanalegea, anadhani ni joto la maji.

Watu wa Goma tungepaswa kuwa walimu wa jambo hili. Mtoto wa hapa anajua mazuku kabla hajajua kusoma: anakatazwa kushuka shimoni asubuhi, kwa sababu hewa mbaya imelala humo. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa. Gesi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kujikusanya bondeni, ikingoja kiberiti. Kwa hiyo chupa haikai chini ya ngazi, wala kwenye shimo lililochongwa ndani ya lava. Mashine yenyewe iwe nje, chini ya ukingo wa paa, mbali na madirisha ya kulala. Ikibidi kuwa ndani, moshi wake upelekwe nje kwa bomba lake, na chumba kisiwe bafu.

“Iweke karibu na tanki, tupunguze mabomba.” Hapana, mama. Mabomba ya maji baridi yanaweza kuwa marefu yanavyotaka. La maji moto ndilo linalokula pesa. Bomba la nusu inchi hubeba karibu lita 0.2 kwa kila mita. Boila ikiwa mita 15 kutoka kwenye robine, yaani koki, unamwaga lita tatu za baridi kabla ya kupata moto, na ukifunga, lita tatu za moto zinabaki njiani zikipoa. Kwa nyumba inayonunua maji kwa bido (jerikeni) la lita 20, fanya hesabu mwenyewe. Wengi huisogeza bafuni. Mimi huivuta upande wa jikoni: bafuni maji moto huvutwa mara moja kwa wingi, jikoni ni kidogo kidogo, mara kumi kwa siku.

Wengine wanataka iwe juu kabisa ili maji yatoke kwa nguvu. Nguvu inatoka kwenye urefu wa tanki, si wa boila. Kila mita 10 hukupa bari moja ya msukumo. Boila ikipita usawa wa tanki haitajaa, na rezistansi, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, inayowashwa bila maji huungua siku hiyohiyo.

Umeme bafuni haukatazwi moja kwa moja. Kanuni za Ufaransa, ambazo mafundi wengi wetu walifundishiwa, zinataka walau sentimita 60 kutoka ukingo wa mahali pa kuogea, pamoja na disjonkta ya kukata umeme unaovuja ukifika miliampea 30. Shida yetu ni waya wa ardhi, unaopeleka umeme unaovuja udongoni: mwamba mkavu wa lava hupitisha umeme vibaya, na fimbo ya waya huo iliyopinda baada ya kugonga jiwe sentimita ishirini chini si ardhi. Itafutiwe udongo, hata kama ni upande wa pili wa kiwanja.

Halafu kuna ile valvu ya usalama ya boila, inayodondosha maji. “Fundi, imeanza kuvuja, ziba.” Usithubutu. Lita 80 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya lita moja, na lazima zipate pa kutokea. Ndiyo maana boila huwekwa penye mfereji wa kupokea matone, si juu ya dari ya chumba cha kulala.

Jambo la mwisho halina dhana, ni usahaulifu tu. Rezistansi hutolewa kwa chini, kwa hiyo iachiwe nafasi ya mkono na spana. Mteja mmoja alijengea kabati zuri la saruji na vigae, likaifunika boila yake pande zote. Mwaka wa pili rezistansi ilikufa. Nilikwenda na nyundo.